Chupa ya Kumi na Saba

Asubuhi ile Mkunga alipoinamia hadubini, alizikuta seli za chupa ya kumi na saba zimetandawaa kama mayai yaliyopasuliwa kikaangoni. Seli za ngozi zenye nguvu huwa nyembamba na ndefu, zimejipanga kuelekea upande mmoja mithili ya samaki wadogo ndani ya mkondo. Hizi zilikuwa pana, zimelegea, kila moja imejikalia mbali na mwenzake, na kati yao kulikuwa na uwazi ambao kufikia siku ile ulipaswa kuwa umeshajaa.

Akaifuta lenzi kwa karatasi laini. Akaongeza taa. Akaangalia tena, na tena, mpaka jicho likaanza kutoa machozi.

Zilikuwa vilevile.

Jina la Mkunga alipewa na wenzake hapo maabara. Aliingia miaka kumi na miwili nyuma akiwa mwosha vyombo. Mikono ilikuwa kwenye sabuni, macho kwa wataalamu, na jioni aliazima vitabu vyao akavisoma polepole, asichokielewa akikiandika nyuma ya kalenda. Sasa ndiye aliyekabidhiwa chumba cha kukuzia seli. Watu walisema seli zikigoma mikononi mwa msomi, mpelekee Mkunga, zitazaa.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kliniki ya ghorofa ya chini huwakata waliojitolea kwa utafiti kipande cha ngozi kisichozidi punje ya mchele, upande wa ndani wa mkono. Kipande hupandishwa juu kikiwa na namba tu. Mkunga hukilaza ndani ya chupa bapa yenye maji ya chakula ya rangi ya waridi, akaitia chupa kwenye kabati la joto linaloiga joto la mwili. Seli hutoka, hugawanyika, hujaa. Zikijaa huzigawa chupa mbili na kuandika kwa wino: mgao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Seli za kijana huweza kufika mgao wa arobaini, hata kuupita. Halafu hukoma. Hazifi, na hilo ndilo lililomfanya Profesa, mkuu wa maabara, aitumie nusu ya maisha yake chumbani humo. Hukoma kuzaa lakini hubaki hai, zikitema kemikali za kuchokoza jirani zao, mpaka jirani nao wanazeeka. Ndiyo moja ya sababu vidonda vya wazee huchelewa kufunga, viungo vikakakamaa, mishipa ikawa migumu.

"Zimestaafu," Barafu hupenda kuwaeleza wageni, "ila zimekataa kurudisha funguo. Kutwa ziko ofisini zinasengenya."

Barafu ndiye mtunza pipa la gesi baridi ambamo seli za akiba hugandishwa. Ni mtu wa maneno mengi na kazi safi.

Chupa ya kumi na saba ilikuwa mgao wa kumi na moja tu. Kitabu cha usajili kilisema: mwanamume, miaka thelathini na moja. Zaidi ya hapo mtunza seli hatakiwi kujua kitu. Profesa aliiweka sheria hiyo mwenyewe, akisema jicho lenye habari huona kile linachokiogopa. Lakini siku kilipokatwa kipande hiki, kliniki ilipandisha kimoja tu kutwa nzima, na Mkunga alijua ni nani aliyekuwa amelala kwenye kitanda cha chini, mkono ameunyoosha, uso ameugeuzia ukutani.

Alikuwa ni mdogo wake wa mwisho.

*

Kwao walizaliwa watatu. Wa kwanza walimwita Kaka Mkubwa, wa pili ni yeye, wa tatu ni Kitinda.

Kaka Mkubwa alianza kuota mvi akiwa na miaka ishirini na mitatu, wakafanya utani kwamba ana akili nyingi. Alipofika thelathini macho yote mawili yakaingia mtoto wa jicho. Sauti ikapungua ikawa kama ya filimbi. Ngozi ya miguu ikakaza, na kwenye vifundo yakatokea madonda yasiyofunga, miezi kwa miezi. Akiwa na arobaini watu wasiomjua walikuwa wakimpisha viti na kumwamkia shikamoo babu. Siku moja, kwenye dirisha la hospitali, karani alimtazama mama yao, akamtazama na mgonjwa, akauliza kwa heshima kabisa, "Mzee huyu ni mumeo?"

Mama alimshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Kaka Mkubwa alipokufa kwa moyo, akiwa na miaka arobaini na sita, walioosha maiti walibishana kama ana sabini au themanini. Daktari mmoja ndiye aliyekuja kuwaeleza, tena baada ya mazishi. Kuna ugonjwa wa kurithi, nadra, unaofanya seli zichoke kabla ya wakati. Baba na mama, kila mmoja alibeba nakala moja mbovu ya kinasaba fulani bila kujua. Atakayezirithi zote mbili ndiye huugua.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo jioni moja, miezi michache kabla ya asubuhi ile ya hadubini, Kitinda alipokuja nyumbani kwa dada yake, akapandisha suruali na kumwonyesha kifundo cha mguu, Mkunga aliweka chini sufuria aliyoishika, taratibu, kama iliyojaa maji ya moto.

"Kina muda gani?"

"Wiki tisa. Nilikanyaga ubao wenye msumari, ukarudi ukanichana. Sikukijali." Akainamisha kichwa. "Na huku tazama."

Nyuma ya masikio nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe.

"Mvi hata mimi ninazo," alisema Mkunga. "Kila Jumamosi ya pili napaka rangi. Nenda ukapime damu, mdogo wangu. Siku hizi kinasaba chenyewe kinasomwa."

"Sitaki karatasi yenye jina langu. Karatasi ikishaandikwa imeandikwa. Natarajia kuoa, dada." Akashusha suruali. "Lakini nimesikia huko kwenu watu wanatoa ngozi, inapewa namba tu. Mimi nitatoa. Wewe utaziangalia. Ukiona niko salama, uniambie. Ukiona sivyo, nyamaza. Usiniambie kitu."

"Na mchumba wako?"

"Huyo niachie mimi."

Mkunga alikubali. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hukubali lolote linaloahirisha. Ilimchukua majuma kadhaa kugundua mtego uliomo: ukiambiwa unyamaze pale tu mambo yakiwa mabaya, kila siku unayonyamaza ni jibu.

*

Baada ya kuziona zimetandawaa, hakuacha kuzitazama. Kusema kweli alikuwa hajaacha tangu mwanzo. Utaratibu ulitaka chupa itolewe kabatini mara moja kila baada ya siku mbili, itazamwe kwa dakika moja, irudishwe. Mkunga alikuwa akiitoa anapofika, akiitoa kabla ya chakula cha mchana, akiitoa anapoaga, na siku za mapumziko alikuja na funguo zake akidai amesahau mwavuli. Kila mara alifuta lenzi. Kila mara alisukuma taa mpaka mwisho na kukaa hapo, jicho moja limefumba, akihesabu seli moja moja kama mtu anayehesabu wanawe baada ya moto.

"Nani anaiacha hii taa mwisho?" Barafu aliuliza siku moja, akiruka nyuma kutoka kwenye hadubini. "Nimeweka jicho nikadhani nimefika kwa Muumba."

"Lenzi ina ukungu," Mkunga alisema.

"Haina. Nimeisafisha jana kwa mkono wangu huu."

"Basi umeisafisha vibaya."

"Sawa, bibie. Kesho nitailamba."

Walicheka. Yeye alicheka kidogo.

Alhamisi aliamua kuzitia rangi. Kuna dawa ambayo ukiimimina juu ya seli na kuziacha mpaka kesho yake, zilizozeeka hugeuka buluu, changa zikabaki bila rangi. Alifanya kila kitu kwa kipimo, akaandika saa, akaenda nyumbani, asilale vizuri. Ijumaa aliingia kabla ya wote. Hata hakuhitaji hadubini. Aliinyanyua chupa akaielekeza dirishani, na kitako cha chupa kilikuwa na utando wa buluu kama wino uliovuja kwenye mfuko wa kalamu.

Alihesabu hata hivyo, kwa sababu kazi ni kazi. Katika seli mia, sitini na tatu zilikuwa buluu. Akahesabu upya kwa kuanzia kona nyingine. Sitini na sita.

Profesa aliingia na kikombe chake, mama wa miaka sitini na kitu, asiyepaza sauti. Akaweka kikombe mbali, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Miaka mingapi huyu?"

"Thelathini na moja, Profesa."

"Mgao wa kumi na moja." Aliinuka, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu alichokitafuta miaka mingi. "Hii ni nadra sana, mwanangu. Itunze kama yai."

Mkunga aliitikia ndiyo. Alikwenda chooni, akafunga mlango, akafungulia bomba, akaosha uso mara tatu.

*

Jumamosi alikwenda karakana, kama alivyofanya kila Jumamosi. Kitinda alikuwa akipiga msasa kitanda. Vumbi la mbao lilikuwa kwenye kope zake, na kwa nukta moja Mkunga alimwona kaka yao amesimama pale, mweupe kichwa kizima.

"Karibu dada. Usikalie hicho kiti, kina gundi."

Alikaa juu ya gogo. Kitinda aliendelea na msasa. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Aliongea habari za mteja aliyeagiza kabati akasahau vipimo vya mlango wake, hivyo kabati liko nje ya nyumba linalindwa na mbwa. Mkunga alijaribu kucheka akashindwa kupata pa kuanzia.

Msasa ukasimama.

"Wiki ya ngapi leo?"

"Ya nini?"

"Ya kunyamaza."

Mkunga alitazama maranda ya mbao miguuni pake. Aliwaza kusema bado naangalia, kungali mapema, seli hazina haraka. Hayo yote aliyasema wiki zilizopita na alijua yameisha. Akifungua mdomo kusema uongo, sauti itamsaliti. Akisema kweli, atakuwa amevunja ahadi. Akakaa kimya, na kimya kile kikakua ndani ya karakana mpaka kikagusa bati.

"Haya," Kitinda alisema kwa upole. Akaupuliza msasa utoke vumbi, akaukunja vizuri, akautia mfukoni kana kwamba ni barua. "Basi mwenzangu nitamwambia leo jioni asinisubiri. Ni mwalimu, ana akili zake, atapata mwingine. Sitaki aje aniogeshe nikiwa na arobaini huku watu wanamuuliza kama mimi ni baba yake."

"Kitinda, ngoja."

"Dada, nimekuomba usiniambie kitu. Umetimiza. Nashukuru."

Akageukia kitanda. Alichechemea kidogo alipohama upande.

*

Jumatatu Barafu alimkuta Mkunga amekaa mbele ya kabati la joto, hajavaa hata koti la kazi. Mkononi Barafu alikuwa na daftari la joto, lile analojaza kila asubuhi. Hakuwa na mzaha usoni.

"Mkunga, hili kabati lina kidude kinachohesabu mlango unapofunguliwa. Nilikuwa sikiangalii, naangalia joto tu. Leo nimekiangalia." Alimwonyesha kwa kidole. "Wiki iliyopita, mara sitini na nane. Wastani wetu ni ishirini. Nikajiuliza, tuna panya anayejua kusoma hadubini?"

Mkunga akaanza kutafuta koti lake la kazi.

"Nikatazama na chupa. Wino wa zote umekolea. Wa kumi na saba umefutika nusu. Unajua kwa nini wino hufutika? Kwa kushikwashikwa na mikono yenye spiriti." Akavuta kiti, akakaa. Sauti yake ikashuka. "Ni ya nani, dada yangu?"

Ndipo Mkunga akasema. Alisema yote, ya kaka, ya kidonda, ya ahadi, ya mwavuli wa uongo, na alipomaliza Profesa alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

Profesa hakufoka. Alikuja akakaa kwenye stuli ya tatu, wakawa wamekaa kama watu kwenye foleni ya kliniki.

"Ulizitoa mara ngapi kwa siku?"

"Tatu. Nne. Siku nyingine tano."

"Kwa dakika ngapi?"

"Mpaka nimalize kuhesabu. Robo saa. Zaidi."

"Taa?"

"Mwisho, Profesa. Ili nione vizuri."

Profesa alimtazama kidogo, kama aliyetaka kuuliza jambo jingine, akaliacha. "Mwanangu, wewe ndiye unayewafundisha wanafunzi wangu. Seli ya ngozi haikuumbwa kuishi kwenye mwanga. Mwanga mkali hugeuza yale maji ya chakula kuwa sumu. Ukiitoa inapata baridi, ukiirudisha inapata joto, hewa inabadilika, inaumia, inajitengeneza, inaumia tena. Ikishaumia mara nyingi hujifunga yenyewe isigawanyike. Hugeuka buluu, hata iwe ya mtoto mchanga."

Mkunga aliyajua maneno yale. Aliwahi kuyaandika kwa mkono wake nyuma ya kalenda. Akayasikia sasa kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyezizeesha."

"Sijui," Profesa alisema. "Ndilo jambo baya. Huenda ni wewe, huenda ni ugonjwa. Chupa hii haiwezi tena kutuambia kitu."

Barafu alikuwa ameshafungua daftari la pipa. "Chupa zake mbili za mgao wa tatu zimegandishwa," alisema. "Hajazigusa mtu."

Wakapanga. Barafu angeyeyusha moja, pamoja na za watu wengine watatu wa umri uleule, angezipa alama anazozijua yeye peke yake, na kuzitunza kwenye kabati la chumba kingine. Mkunga hataingia chumba hicho. Profesa alimwomba funguo. Hakumwandikia barua ya onyo siku ile. Alisema ataamua akishafikiri, na alikuwa mtu wa kufikiri kweli.

*

Jioni hiyohiyo alikwenda karakana. Kitinda alikuwa akifunga milango.

"Nimekuja kuivunja ahadi niliyokupa," alisema Mkunga.

Akamweleza, wamesimama hapo kati ya mbao. Kwamba alichokiona ni kibaya. Kwamba huenda amekisababisha yeye kwa kukitazama. Kwamba hajui, na Profesa hajui, na kinachoweza kujua ni karatasi yenye jina lake.

Kitinda alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa juu ya kile kiti chenye gundi.

"Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu, dada, nimelala nikijiona kwenye jeneza, na nimelipima, maana ndiyo kazi yangu. Kumbe ulikuwa unazikodolea macho mpaka zikazeeka."

"Nisamehe."

"Ningekuwa mimi ndiye seli ningezeeka pia. Wewe ukimtazama mtu huwa humwachi." Alicheka bila sauti, halafu mabega yakaanza kumtetemeka, na haikuwa tena kicheko. Mkunga alimshika kichwa, na mkononi akahisi vumbi la mbao. "Mficha maradhi," Kitinda alisema kifuani mwake.

"Usiimalizie."

"Siimalizii. Nani asiyeijua."

Mchumba, ilikuja kujulikana, hakuwa ameondoka. Alipoambiwa asisubiri alimtukana Kitinda nusu saa nzima bila kurudia tusi, kisha akamuuliza kama amekula. Yeye ndiye aliyempeleka kutoa damu, asubuhi ya Jumatano, na kusimamia muuguzi aandike jina sawasawa. Muuguzi huyo huyo alikitazama kidonda, akakuta kijiti chembamba cha mbao kimezama ndani, akakitoa.

Majibu yangechukua majuma kumi na moja.

Yalikuwa majuma marefu. Mkunga alirudishwa kuosha vyombo kwa muda, na hakulalamika. Kila asubuhi Barafu alipita na mzaha wake, na kila asubuhi alimtazama usoni kabla ya masikio, akitafuta ule mwanya ambao mzaha huacha unapokosa moyo. Chupa zikimponyoka alikuwa akisema ni sabuni. Mara mbili alikosea ngazi ya mwisho, akaweka mguu hewani.

"Mgao wa kumi na mbili," Barafu alisema juma la tano. "Zote nne. Sikwambii ipi ni ipi."

"Kumi na saba," alisema juma la nane.

Juma la kumi na moja alikuja ameziba mdomo kwa mkono, akauondoa, na chini yake palikuwa na tabasamu. "Ishirini na tatu. Zote nne nyembamba kama samaki. Lakini usimwambie mtu mpaka karatasi ifike. Seli ni shahidi, si hakimu."

*

Karatasi ilifika Ijumaa. Kitinda alikataa kuifungua kliniki. Aliipeleka karakana ndani ya shati, akampigia dada yake simu, akamkalisha kwenye kitanda kilichokwisha, ambacho sasa kilikuwa chake na mwalimu.

"Nisomee wewe. Kwa sauti. Zuri au baya."

Mkunga aliipasua bahasha. Aliisogeza karibu na uso. Akaisogeza mbali. Akainuka, akaipeleka mlangoni kwenye jua, akaiinamisha huku na huku, kisha akaifuta kwa kiganja.

"Imeandikwa kwa wino hafifu," alisema.

Kitinda aliinua macho.

"Nakala moja mbovu," Mkunga alisoma polepole, kwa mkupuo wa maneno mawili mawili. "Nakala moja nzima. Ni mbebaji. Hana ugonjwa." Akarudia. "Hana ugonjwa, Kitinda. Unabeba tu, kama baba. Kama mama. Mwenzako naye apime kabla ya watoto, basi."

Alijifuta machozi, akageuka kumkumbatia. Kitinda alikuwa amesimama palepale. Alikuwa akimtazama, bila furaha ambayo Mkunga aliitegemea.

"Dada," alisema. "Lete hiyo karatasi."

Akaipokea. Hakwenda mlangoni. Aliishika palepale kivulini, kati ya mbao, akaisoma kwa macho mpaka chini. Wino ulikuwa mweusi tii.

"Una miaka mingapi wewe?"

"Unaijua."

"Thelathini na minane. Nywele umeanza kuzipaka lini?"

Mkunga alijishika nywele nyuma ya sikio. Alikuwa anaona taa iliyosukumwa mpaka mwisho. Anaona ukungu ambao Barafu aliusafisha na ambao ulikuwepo tena kila asubuhi. Profesa akimtazama na kuacha kuuliza. Ngazi ya mwisho. Miezi yote hiyo amekesha juu ya ngozi ya mwingine, amehesabu seli za mwingine moja moja, na ukungu ulikuwa upande wa huku wa lenzi.

Hofu ilimjia bila haraka, ikiwa na sura ya mtu wa nyumbani aliyekuwa chumba cha pili siku zote.

"Pengine ni miwani tu," alisema.

"Pengine."

"Watu wengi huingia mtoto wa jicho mapema. Kuna sukari. Kuna kurithi. Kuna—"

"Dada. Tumeshaacha kunyamaziana. Sema."

Mkunga alikaa chini, juu ya maranda. Kutoka pale uso wa mdogo wake ulikuwa na duara la mwanga ulioungua pembeni, kama kila kitu kilivyokuwa kwa muda sasa, na alikuwa ameuzoea akidhani ni vumbi la mahali.

"Naogopa," alisema.

"Haya." Kitinda alichukua ufunguo wa karakana ukutani. Mguu wake haukuchechemea tena. "Kliniki hawajafunga. Twende."

Walipofika, muuguzi alikuwa akikusanya kalamu zake. Alimtambua Mkunga kuwa ni mtu wa maabara ya juu, akatabasamu, akachukua kichupa kidogo cha damu na karatasi ya kubandika. Kwa mazoea akaanza kuandika namba.

"Hapana," Mkunga alisema. "Andika jina."

Akalitaja, lote, la kwake na la baba yao. Kisha akanyoosha mkono, na uso hakuugeuzia ukutani.